Mwaka wa Mwavita

Mimi sivai nguo yenye sura ya mtu. Wanangu wanajua, wakwe zangu wanajua. Kila inapokaribia sikukuu ya wanawake, akina mama wa kamati hupita nyumba kwa nyumba hapa Baraka na bunda la vitenge vilivyochapwa uso wa mheshimiwa fulani, na wakifika mlangoni kwangu husita, mmoja akasema, "Huyu mama iko mugumu, tupite," nao wakapita. Sina ugomvi na mheshimiwa. Ugomvi wangu ni na ile harufu ya kitenge kipya ambacho hakijaingia majini, harufu ya wanga na rangi, yenye ukali kidogo wa mafuta ya taa. Nikiinusa sokoni nageuza njia, hata kama nimefuata ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na wauza ndagala wamekaa palepale kando ya wauza nguo.

Harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu mwaka mmoja nikiwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya bado. Ni mwaka gani? Ninyi wa rika langu mnajua kwamba swali hilo halikuwa na jibu la namba. Wazungu walikuwa na namba zao ofisini kule Fizi, juu mlimani. Sisi huku chini ziwani tulikuwa na majina. Kulikuwa na mwaka wa nzige, mwaka wa barabara, mwaka boti la Mwarabu lilipozama na mafuta ya mawese yakaelea hadi Lweba. Hakuna aliyeketi akapanga jina. Mwaka ulipita, watu wakaongea, na jina lililokaa mdomoni ndilo lililobaki. Mtoto akizaliwa, mama yake alisema huyu ni wa mwaka wa nzige, na kuanzia hapo umri wake umejulikana mpaka siku ya kufa.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa na mambo mengi ya kugombea jina. Viwavi viliingia kwenye pamba, na watu wakapigwa kwa sababu ya viwavi. Mhubiri mmoja wa Kiprotestanti alisema kanisani kwamba mfalme naye ni mtu na huenda chooni. Walimpandisha kwenye kamyo, lori la serikali, wakampeleka kukaa mbali sana, na mkewe alimngoja hadi akachoka. Kwenye poste, kituo cha serikali, waliweka radio yenye pembe kubwa iliyosikika hadi sokoni. Nyanya yangu alijifunika uso kila ilipoanza kusema, maana ilikuwa sauti ya mwanamume asiyemjua. Na radio hiyo ndiyo iliyotangaza kwamba mfalme wa Wabeleji, kijana, bado hajaoa, anakuja kuitembelea Kongo yake. Atatembea nchi nzima, walisema, na meli yake itapita ziwani kwetu.

Basi kila mtu alijua jina la mwaka limeshapatikana. Mwaka wa mfalme. Hata baba, ambaye hakuwa mtu wa kubashiri mambo, alisema safari hii hakuna ubishi.

Baba alikosea. Mwaka ule uliitwa mwaka wa Mwavita, na Mwavita alikuwa shangazi yangu.

Alikuwa mdogo wa baba, tumbo moja. Jina alirithi kwa nyanya yake aliyezaliwa bunduki zikilia, lakini yeye mwenyewe hakuwa na vita na mtu. Mumewe alifanya kazi kwenye kampuni ya dhahabu, kule ndani njia ya Misisi, akirudi kwa nadra, na kwa hiyo shangazi alikaa kwetu. Alikuwa na sauti. Akitwanga muhogo huku anaimba, watu waliopita njiani walipunguza mwendo, na mama, ambaye sauti yake ilikuwa ya kuitia kuku, alimwambia, "Wifi, nyamaza kidogo, banaume ya bantu banasahau kazi." Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Ya tatu ilikaa, na mwaka ule alikuwa akitembea nayo huku mkono mmoja umeshika mgongo, akiwa na furaha ambayo hakuitaja kwa kuogopa kuitia jicho.

Sasa kulikuwa na Kapita. Alikuwa na jina lake, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mtu wa shefu, yaani chifu wetu, na msimamizi wa pamba, akivaa kofia ngumu ya kizungu na kutembea na fimbo ya ngozi ya kiboko. Mgongo wa baba ulikuwa na michoro ya fimbo ile tangu msimu mmoja ambao shamba letu halikusafishwa kwa wakati. Nilipokuwa mdogo zaidi nilidhani baba wote huzaliwa hivyo. Serikali ilimwamuru Kapita akusanye wanawake wa kumwimbia mfalme pwani ya ziwa, naye akachagua kwa sauti. Wa kwanza kumchagua alikuwa Mwavita, awe wa kuanzisha wimbo.

Mama alimwambia, "Bwana Kapita, huyu iko karibu kuzala."

"Atazala," Kapita akajibu. "Arobaini itaisha, na siku ya mufalme atakuwa inje. Mi nimesha kuangalia ile mambo."

Ndipo vitenge vikaja. Kila mwimbaji alipewa kimoja, chenye uso wa mfalme ndani ya duara, mnazi huku, bendera huku, na uso huohuo ukirudiwa na kurudiwa mpaka pindo. Masharti yalikuwa matatu: hakuna kukata, hakuna kufua, na siku ile wote wavae sawasawa, maana bwana mkubwa wa Fizi, Mzungu wa ofisini, hapendi mstari wenye pengo. Shangazi alikifungua kitandani, nami nikaweka uso wangu juu yake nikavuta pumzi. Niliamini kwamba mfalme anakuja kwa vipande. Nyuso zinatangulia, ndani ya nguo, mwili unafuata kwa meli, na siku yenyewe ataunganishwa pwani mbele ya watu. Nilimuuliza shangazi kama mfalme wetu sisi anatuona. Alisema anaona, kwa hiyo nioge.

Mtoto akazaliwa, mwanamume, akaitwa Ramazani.

Hapa lazima nieleze neno moja, kwa ajili ya wajukuu zetu waliokulia mbali. Kwetu kutosha ni kutoa. Ukitosha maji kisimani umeyateka, ukitosha jino umeling'oa. Na mtoto mchanga kwetu hukaa ndani na mama yake mpaka arobaini, asipigwe na jua wala kuangaliwa na kila jicho, kisha siku hiyo ikifika tunasema tunamtosha mtoto. Ananyolewa, anavikwa nguo yake mpya ya kwanza, maana mpaka hapo amekuwa akifungwa matambara laini ya zamani, na shangazi au nyanya anampeleka nje, anamgeuza aone ziwa. Watu wanakuja kumwangalia. Wali unapikwa, unatiwa sukari, na watoto wa mtaa wote wanakuja na sahani. Mimi nilikuwa na sahani yangu ya bati yenye ukingo wa buluu, na nilikuwa nimeshaisugua kwa mchanga nikiingoja siku hiyo.

Nyumba yetu ilikuwa na kungoja kuwili: kutoka kwa Ramazani na kufika kwa mfalme. Vilikuwa karibu karibu hivi kwamba kichwani mwangu vilikuwa sherehe moja.

Ramazani alishikwa na homa kabla ya arobaini. Alilia siku nzima, kesho yake akawa analia bila sauti, halafu akaacha. Nakumbuka mama alinituma nje niwafukuze kuku, na kuku hawakuwepo.

Baba alikwenda kutafuta merikani ya sanda. Alizunguka maduka yote ya Baraka akarudi mikono mitupu. Kitambaa cheupe chote kilikuwa kimenunuliwa na serikali kwa ajili ya kupamba tao la matawi ya michikichi na njia ya kutoka majini. Baraka nzima ililima pamba, magunia yalifika darini, na hapakuwa na kipande cheupe cha kumfunga mtoto wa urefu wa mkono.

"Tuna ile shuka yangu," baba akasema. "Ni ya kuzeeka, lakini iko safi."

Shangazi alikuwa ameketi mkekani, mtoto mapajani. "Yaya," akamwambia, ndivyo alivyomwita baba siku zote, "huyu mutoto hajavaa nguo mupya hata moja. Haende kwa Mungu na matambara."

"Nguo mupya iko wapi, Mwavita?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kitenge kilikuwa juu ya sanduku, kimekunjwa.

Mwalimu wa msikitini, aliyekuja kuosha maiti, alisema sura ya mtu haifai. Shangazi akakigeuza, upande uliopauka ukawa ndani, ule wenye nyuso ukawa nje, akasema, "Mutoto hamuangalie. Ni ye mufalme atamuangalia mutoto." Mwalimu alitazama chini. Alikuwa na watoto yeye pia. Wakamfunga, wakamzika kwenye makaburi ya nyuma ya msikiti, na mimi nikabaki nimeridhika kwa namna yangu ya kijinga. Niliona Ramazani amepewa mfalme ambebe.

Juma lilelile Kapita alipita kukagua waimbaji, kwa sababu bwana mkubwa alikuwa anashuka kutoka Fizi kesho kutwa kuwaona wamevaa. Alikuja na polisi mmoja wa shefu, kijana aliyetazama miguu yake muda wote. Alivuta kiti chetu akaketi bila kukaribishwa.

"Mwavita. Pole ya mutoto. Nguo iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko namna gani?"

"Nimevalisha mutoto."

Kapita alivua kofia, akaiweka gotini. Alionekana kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza. "Nguo ya serikali haizikwake," akasema taratibu. "Muzungu atakuja, ataangalia bamama, ataona mumoja wa mbele kabisa iko na nguo yake ya jikoni. Ataniuliza mi. Hatakuuliza weye."

Baba akasema, "Bwana Kapita, tia mwingine mahali yake. Huyu hata hawezi kuimba sasa."

"Sauti haipunguke. Nguo njo inapungua."

"Tutalipa na pamba."

"Pamba ni ya serikali tayari." Akavaa tena kofia. "Mumutoshe."

Baba akarudia neno lile kwa sauti ndogo, kama hakulisikia vizuri. "Kumutosha?"

"Mwenye alifunga njo afungue. Ao sivyo, weye mukubwa wake unapanda na mi Fizi leo. Njia ya prizo unaijua, na mugongo yako inaijua." Alisema bila hasira yoyote. Nimekutana na watu wengi wenye hasira maishani, na hakuna hata mmoja aliyenitisha kama Kapita alivyokuwa mtulivu asubuhi ile.

Shangazi alimtazama kaka yake. Najua sasa alichokuwa akipima. Alikuwa na mtoto aliyekufa na kaka aliyekuwa hai, na kaka huyo msimu ule wa fimbo alirudi kutoka Fizi akilala kifudifudi mwezi mzima. Akasimama, akajifunga nguo kiunoni. "Yaya," akasema, "kamata jembe."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na nilisikia neno moja tu. Mumutoshe. Wanamtosha mtoto. Kumbe serikali ina uwezo huo, nikafikiri, kumbe Kapita amekuja kwa wema. Arobaini imefika, Ramazani anatolewa, na bila shaka mfalme amechoka kumbeba. Mama alikuwa jikoni na mimba yake ya kaka mdogo niliyekuja kumpata baadaye, amejiziba mdomo kwa nguo, hakuniona. Niliosha miguu. Nikachukua sahani yangu yenye ukingo wa buluu, nikawafuata.

Kaburi lilikuwa dogo na udongo ulikuwa bado laini. Baba alichimba. Shangazi alipiga magoti pembeni na kuusukuma udongo kwa mikono, nikaona mgongo wake tu. Kapita alikuwa amesimama penye kivuli. Ni yeye aliyeniona.

"Na huyu? Sahani ya nini?"

"Ya wali," nikasema.

"Wali gani?"

"Si banamutosha mutoto?"

Kapita alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa msikiti, akamwambia polisi, "Umesikia? Amekuja kukula," na yule kijana akazidi kutazama miguu yake. Nami nikatabasamu, maana mtu mzima akicheka nilidhani nimesema vizuri.

Shangazi hakugeuka mara moja. Alipogeuka, mikono yake ilikuwa myekundu kwa udongo hadi viwikoni. "Asha, mama," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "geuka. Angalia ziwa."

Nikageuka. Kwangu ilikuwa sawa, ndivyo inavyofanywa, mtoto anageuzwa aone ziwa. Nilisimama na sahani yangu nikilitazama, mitumbwi miwili ilikuwa inarudi kutoka upande wa Lweba, nikangoja waniletee Ramazani kando yangu ili tuangalie pamoja. Nikasikia jembe likiwekwa chini. Nikasikia baba akikohoa, akikohoa sana. Ile harufu ya kitenge kipya ikaja, na ndani yake kulikuwa na harufu nyingine. Sikia, sitaieleza. Nimesema ugomvi wangu ni na harufu, basi yatosha.

Baba alivua shati lake. Mtoto alifungwa shati hilo akarudishwa. Tulitembea kurudi nyumbani mchana wa jua, Kapita mbele, shangazi nyuma yake na nguo mikononi, baba kifua wazi na michoro ya mgongo wake ikionekana na kila mtu aliyesimama mlangoni. Sahani niliishika mpaka nyumbani. Mama aliinyakua akaitupa nyuma ya choo, na usiku nililia kwa ajili ya sahani.

Shangazi aliifua nguo ziwani, japo sharti lilikuwa isifuliwe. Aliipiga juu ya jiwe tangu adhuhuri hadi jua likaanza kushuka. Wanawake wengine walisogea mbali naye, wakafulia chini zaidi. Walisema ni kwa sababu ya maji.

Siku ya mfalme ikafika. Tulipangwa pwani tangu alfajiri, watoto wa shule na vibendera, wazee na kanzu zao, waimbaji mstari wa mbele, nyuso za mfalme zimesawazishwa kifua kwa kifua. Nguo ya Mwavita ilikuwa imepauka kuliko nyingine. Bwana mkubwa wa Fizi alipita mbele yao na mkewe, akatazama mstari, akaitikia kwa kichwa kwamba ni vizuri. Hakuona tofauti. Nimeliwaza hilo maisha yangu yote, kwamba hakuona tofauti, na pengine hata asingeona pengo.

Jua likapanda. Mtoto mmoja akaanguka kwa kizunguzungu. Baada ya adhuhuri meli ilionekana mbali, moshi kwanza, na Kapita akainua fimbo. Shangazi yangu akaanzisha. Sauti yake haikutetemeka, wala haikupasuka. Ilitoka safi na kubwa, mwezi haujaisha tangu mwanawe azikwe mara ya pili, na nikamchukia kidogo kwa hilo, kisha nikajivunia. Wakaimba, tukapunga, meli ikapita katikati ya ziwa bila kupunguza mwendo, ikaenda zake kusini. Baadaye bwana mkubwa alisema maneno, Kapita akayageuza. "Bwana anasema ile haikukuwa meli ya mufalme. Mufalme alipita na ndeke, juu, iko kwingine tayari. Bwana anasema asante. Na hizi nguo, anasema, ni zawadi yenu, mukae nazo."

Wanawake wakapiga vigelegele, maana nguo ni nguo. Shangazi alivua yake palepale, akiwa na kanga ya ndani, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake ya dukani. Hakuna aliyeiona tena.

Kapita alikuwa msimuliaji mzuri, hilo lazima tumpe. Kwenye pombe alisimulia habari ya sahani, akaniigiza na meno yangu ya mbele yasiyokuwepo. "Mwavita ametosha mutoto wake," alisema, "na bageni balikuja na sahani." Watu walicheka. Walikuwa wameogopa mwaka mzima, viwavi, fimbo, kamyo iliyomchukua mhubiri, na hapa kulikuwa na jambo ambalo mtu angeweza kulicheka bila kukamatwa. Hadithi ikapanda kamyo za pamba ikafika Lweba, ikapanda hadi Fizi. Kulipokuja kuzaliwa mdogo wangu Selemani, wanawake waliokuja kumwangalia walikuwa tayari wanasema huyu ni wa mwaka Mwavita alitosha mutoto. Maneno hayo ni marefu, na watu ni wavivu. Likabaki mwaka wa Mwavita.

Nami nilifurahi. Naomba mnielewe, nilikuwa mtoto, na nilichokiona ni hiki: mfalme mzima, mwenye meli na ndeke na radio ya kumtangaza, ameukosa mwaka, na shangazi yangu ameupata. Niliwaringia wenzangu kisimani kwamba kwetu ndiko kwenye mwaka. Walicheka, nikacheka nao. Ilinichukua miaka kusikia walichokuwa wanacheka.

Mnaweza kudhani kejeli ya namna hiyo huchoka. Haikuchoka, ilizoeleka, na hiyo ni mbaya zaidi. Mwanamke alisimama foleni ya maji nyuma ya shangazi akamwambia jirani yake, "Mukubwa wangu ni wa mwaka wa Mwavita, anafaa aoe sasa," bila ubaya wowote, bila kukumbuka kwamba mwenye jina ameshika ndoo mbele yake. Watoto wa mwaka ule walitahiriwa, wakaoa, wakazaa, na kila mara umri wao ulipotafutwa, Ramazani alifukuliwa tena. Shangazi hakupata mtoto mwingine. Mumewe alioa kule kwenye dhahabu. Hakuimba tena, hata kwenye kinu.

Kisha vita vikaja. Ninyi mnavijua, kila mmoja wetu alilala porini kwenye kimojawapo, na wengine tulivuka ziwa. Tuliporudi, wazee wengi hawakuwepo, na vijana waliosikia "mwaka wa Mwavita" walielewa kwa namna yao: mwaka wa vita. Waliuliza tu ni vita vipi, vya kwanza au vya pili. Hakuna aliyewasahihisha. Shangazi alikuwa ameketi akiwasikia, na mimi nilimtazama nikashukuru moyoni. Nilifikiri hatimaye ameachiwa. Jina lake lilikuwa limepotea ndani ya vita, na kwa mtu kama yeye niliona hiyo ni rehema.

Selemani alikufa kabla yake. Kwenye matanga tulikuwa mkekani uani kwangu, shangazi katikati, amezeeka sana, macho yameingia ukungu, akiwa amemshika mkono mjukuu wa Selemani. Mzee mmoja wa rika la marehemu alianza kueleza maisha yake kwa watu. "Ndugu yetu alizaliwa mwaka wa Mwa…" akasema, na hapo akamwona aliyeketi mbele yake. Akakwama. Sisi tuliojua tukatazama chini.

"Mwaka wa vita," kijana mmoja akamsaidia. "Vita gani, muzee?"

Ningemshukuru kijana yule. Mlango ulikuwa wazi, shangazi angeweza kukaa kimya na mambo yakapita, kama alivyokaa kimya miaka yote ile.

"Haikuwe vita," shangazi akasema. Sauti ilikuwa imekwaruza, lakini ilikuwa ile ile iliyosimamisha watu njiani. "Alizaliwa mwaka wa mufalme."

Hakuna mtu mwingine Baraka nzima aliyewahi kuuita mwaka ule hivyo. Yule kijana akamwinamia, kwa heshima ya mjukuu kwa bibi yake, kama anavyoinamiwa mtu aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Mufalme gani, koko?"

"Mwenye balimutoshea mutoto wangu inje," akasema, "na hakukuja kumuangalia."